Kitabu cha Baiolojia cha Murrieta: Kisa cha Shule ya Kikristo na Chuo Kikuu cha California

Tarehe 25 Agosti 2005, shule ya Calvary Chapel Christian School iliyoko Murrieta, mji wa kusini mwa California, ilifungua shauri katika mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles dhidi ya maofisa wa Chuo Kikuu cha California. Walioungana nayo ni baadhi ya wanafunzi wake pamoja na Association of Christian Schools International, jumuiya yenye shule wanachama kwa maelfu ndani na nje ya Marekani. Walilalamika kwamba chuo hicho, ambacho ni cha umma, kilikataa kuzitambua baadhi ya kozi zilizofundishwa kwa vitabu vya Kikristo, na kwamba kukataa huko kulikuwa ni kuwaadhibu wanafunzi kwa ajili ya imani yao. Shauri lilichukua miaka mitano, likabisha hodi hadi kwenye Mahakama ya Juu ya nchi, na likamalizika kwa walalamikaji kushindwa.

Wengi walilisimulia shauri hili kama raundi nyingine ya ndondi kati ya Biblia na Darwin. Mtu akizisoma hoja zenyewe na hukumu zilizotolewa, anaona kwamba simulizi hiyo imepotoka. Hakuna mahali popote ambapo shule hiyo ilizuiwa kufundisha uumbaji, wala hakuna mwanafunzi aliyeulizwa anaamini nini. Kilichowekwa mizanini ni sayansi iliyopungua ndani ya kitabu, wala si imani iliyoongezwa humo. Naamini pia kwamba ugomvi huu ungekuwa mfupi zaidi kama chuo kingesema hivyo kwa uwazi tangu barua yake ya kwanza.

Ili kuuelewa ugomvi ni lazima kwanza kuuelewa mlango wa chuo chenyewe. Chuo Kikuu cha California kina kampasi nyingi, zikiwamo Berkeley, Los Angeles, San Diego, Davis na Irvine, na kila mwaka hupokea maombi kutoka kwa vijana waliosoma katika shule zisizofanana hata kidogo. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari. Shule ya binafsi hujipangia kozi zake, huchagua vitabu vyake, husahihisha mitihani yake na kutoa alama zake, kiasi kwamba alama ya A ya shule moja na A ya shule nyingine zinaweza zisiwe na undugu wowote. Chuo kilijiwekea kipimo kinachojulikana kwa herufi a hadi g: kozi 15 za mwaka mzima mzima, yaani miaka miwili ya historia na sayansi ya jamii, minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati, miwili ya sayansi ya maabara, miwili ya lugha nyingine isiyo Kiingereza, mmoja wa sanaa, na mmoja wa somo la kuchagua. Shule inayotaka kozi yake ihesabiwe huandika muhtasari wa kozi hiyo, hutaja kitabu cha kiada, kisha hupeleka vyote chuoni. Kozi ikikataliwa, shule inaruhusiwa kuendelea kuifundisha. Kinachopotea ni nafasi ya kozi hiyo kuhesabiwa kati ya zile 15.

Msomaji wa Tanzania au Kenya atauona mpango huu kuwa wa ajabu kidogo, na ana haki. Kwetu, seminari ya Kikatoliki au shule ya sekondari ya kanisa la Kilutheri, Kianglikana au la Wasabato imefundisha mageuko ya viumbe kidato cha nne kwa miaka mingi kwa sababu mada hiyo imo katika muhtasari wa somo na huulizwa kwenye karatasi ya mtihani. Mwalimu aweza kuwaambia wanafunzi kabla ya kipindi anachokiamini yeye, na walimu wengi hufanya hivyo, lakini anajua kwamba swali litatungwa na Baraza la Mitihani na si na mchungaji. Kwa hiyo ugomvi wa namna ya Murrieta usingepata pa kutua darasani. Ulipozuka Kenya mwaka 2006 ulitua kwenye jumba la makumbusho Nairobi, pale Askofu Boniface Adoyo alipoongoza upinzani dhidi ya jinsi visukuku vya binadamu wa kale vilivyokusudiwa kuonyeshwa, kikiwamo kiunzi cha Mvulana wa Turkana kilichofukuliwa mwaka 1984 magharibi mwa Ziwa Turkana. California haikuwa na mtihani wa kuwa mwamuzi, na ndiyo maana kazi ya uamuzi ilimwangukia ofisa wa udahili mwenye muhtasari wa kozi mezani.

Vitabu vya baiolojia vilivyozua kesi vilikuwa viwili. Kimoja kilichapishwa na Bob Jones University Press ya Greenville, South Carolina, na kingine na A Beka Book ya Pensacola, Florida. Wachapishaji hao wawili ndio walioshika sehemu kubwa ya soko la vitabu vya shule za Kiprotestanti zenye msimamo wa kihafidhina na la familia zinazofundisha watoto nyumbani. Si haki kuviita vijitabu vya mahubiri. Vina seli, urithi, uainishaji wa viumbe, mimea, wanyama na mwili wa binadamu, na mwalimu anayefungua sura ya mgawanyiko wa seli atakutana na mengi ambayo angeyakuta katika kitabu kingine chochote. Tatizo linaanzia kwenye utangulizi. Waandishi wa kitabu cha Bob Jones wanamweleza msomaji kwamba wamejitahidi wakati wote kuliweka Neno la Mungu kwanza na sayansi baadaye, na kwamba hitimisho lolote linalopingana na Neno hilo si sahihi, hata kama ushahidi wa kisayansi unaoliunga mkono ni mwingi kiasi gani.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa maana sentensi hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na watu wengi waliogombana juu yake waliona moja tu. Kama ungamo la imani, ni sentensi ambayo Mkristo anaweza kuisema kanisani, nyumbani au shuleni bila kumwomba mtu ruhusa. Kama maelezo ya njia ya kufanya sayansi, inamwambia mwanafunzi, kabla hajashika mizani wala hadubini, jibu la kuandika pindi kipimo na andiko vitakapotofautiana. Somo la maabara limejengwa juu ya jambo la kinyume chake: unaandika dhana, unaeleza ni matokeo gani yatakayoonyesha kwamba dhana hiyo si kweli, kisha unafanya jaribio ukiwa tayari kushindwa. Mwanafunzi anayehesabu mbaazi au nzi wa matunda kutafuta uwiano wa tatu kwa moja hafundishwi tu urithi. Anafundishwa kukubali hesabu itakavyotoka. Ukimpa kitabu kinachosema kwamba kuna maswali ambayo hesabu haina ruhusa ya kuyajibu, umempa taarifa nyingi za sayansi pamoja na kanuni inayomzuia kuzitumia mahali fulani.

Ni kweli kwamba kanuni hiyo haiharibu kila sura. Usanisinuru unabaki usanisinuru, na moyo una vyumba vinne kwa anayeamini na kwa asiyeamini. Inaharibu pale ambapo ushahidi ni wa mambo yaliyopita: visukuku, matabaka ya miamba, umri unaopimwa kwa kuoza kwa urani, na ulinganisho wa DNA. Inaharibu pia kwa namna isiyoonekana haraka, kwa sababu mageuko hayakai katika sura moja ambayo mwalimu anaweza kuiruka na kuendelea na safari. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, nyani wakubwa kama sokwe wana jozi 24, na kromosomu yetu ya pili inalingana na kromosomu mbili za sokwe zilizoungana ncha kwa ncha. Binadamu hawezi kujitengenezea vitamini C kwa sababu jeni linalohitajika limeharibika, na mabaki ya jeni hilo lililoharibika yamo pia ndani ya sokwe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa baiolojia hukutana na mambo haya kama sehemu ya kawaida ya somo, na hutarajiwa kuyasoma kwa mantiki ya asili moja, yaani kwamba viumbe hao wametokana na babu mmoja wa kale. Hahitajiki kuyaamini. Hata hivyo asiyewahi kuoneshwa mantiki hiyo ikifanya kazi ataanza akiwa nyuma ya wenzake, na hatajua ni kwa nini.

Kama chuo kingeeleza hivyo, pangekuwa na mengi ya kujadili kati ya walimu na walimu. Barua ya chuo ilisema kwamba yaliyomo katika kozi hiyo hayakubaliani na mitazamo na maarifa yanayokubalika kwa jumla katika jamii ya wanasayansi, na kwamba wanafunzi wake huenda wasiwe wameandaliwa vizuri kwa masomo ya sayansi chuoni. Neno la kutazamwa hapo ni mitazamo. Katika sheria ya katiba ya Marekani hakuna shutuma nzito dhidi ya taasisi ya serikali kuliko kuambiwa kwamba imempendelea au kumwadhibu mtu kwa mtazamo wake, na chuo kililiandika neno hilo kwa mkono wake chenyewe. Wakili wa walalamikaji, Wendell Bird, hakuwa mgeni katika uwanja huu. Aliwahi kuitetea Louisiana katika kesi maarufu iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1987, ambapo majaji saba dhidi ya wawili waliifuta sheria ya jimbo hilo iliyotaka uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko katika shule za umma. Safari hii ubao ulikuwa umegeuzwa: shule ilikuwa ya binafsi, na aliyelaumiwa kwa kuingiza mtazamo wake alikuwa mkono wa serikali. Lilikuwa shauri lililobuniwa kwa akili nyingi, na asiyeliona hilo hatawaelewa waliolifungua.

Malalamiko hayakuishia kwenye baiolojia, ingawa baiolojia ndiyo iliyovuta macho. Kulikuwa na kozi ya historia kuhusu ushawishi wa Ukristo nchini Marekani, ambayo mwanahistoria James Given wa kampasi ya Irvine aliikosoa kwa kuwa kitabu chake kiliyaeleza matukio kwa majaliwa ya Mungu badala ya kuyachambua matendo ya watu. Kulikuwa na kozi ya fasihi iliyokataliwa kwa sababu ilitegemea mkusanyiko wa dondoo tu, hali chuo kinataka wanafunzi wasome vitabu kamili. Zilikuwapo pia za utawala wa nchi na za dini. Kila moja ina hadithi yake, na ile ya fasihi inaonyesha vizuri jinsi sababu isiyohusu dini inavyoweza kusikika kama ya kidini inapomfikia mtu ambaye tayari anahisi kulengwa.

Mashahidi wataalamu walioitwa kuhusu baiolojia wanastahili kutajwa kwa majina, kwa kuwa wasifu wao unaibomoa ile picha ya wasiomcha Mungu dhidi ya wamchao. Upande wa shule ulimleta Michael Behe, mtaalamu wa baiokemia wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Mkatoliki, anayetetea hoja kwamba baadhi ya miundo ya viumbe ina dalili za kusanifiwa na mwenye akili. Miezi michache tu baada ya shauri la Murrieta kufunguliwa, Oktoba 2005, Behe alitoa ushahidi katika kesi ya Dover, Pennsylvania, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Jaji John E. Jones III akaamua kwamba hoja hiyo si sayansi na haiwezi kuingizwa katika somo la sayansi la shule ya umma. Upande wa chuo walikuwapo Donald Kennedy, mwanabaiolojia aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Stanford na kisha mhariri mkuu wa jarida la Science, pamoja na Francisco Ayala wa Irvine, mtaalamu wa jenetiki ya mageuko ambaye katika ujana wake alikuwa padre wa shirika la Wadominiko. Ayala alitunukiwa Tuzo ya Templeton mwaka 2010, tuzo inayohusu mambo ya kiroho, mwaka uleule shauri hili lilipofikia kikomo.

Hoja ya Behe iliyonigusa zaidi haikuwa ya kisayansi bali ya ualimu. Alisema kwamba kumlazimisha mwanafunzi, kwa vitendo, akubaliane na wazo lililo kinyume cha dhamiri yake ni kumdhulumu nafsi na kuharibu elimu yenyewe. Yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa mchungaji akijikunja kwenye dawati siku ya mada ya mageuko anajua kwamba maneno hayo si ya kubuni. Lakini hoja hiyo inachanganya kuelewa na kukubali. Mwanafunzi Mwislamu anayesoma Utatu katika kozi ya dini za ulimwengu hatarajiwi kutamka imani ya Nikea, anatarajiwa aweze kuieleza bila kuipotosha. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayeandika kwamba wanabaiolojia hueleza kufanana kwa mifupa ya mkono wa binadamu, bawa la popo na kasia la nyangumi kwa asili moja hajaisaliti imani yake. Kitabu kinachomkinga asiweze hata kueleza hivyo ndicho kinachomwacha uchi mbele ya watu.

Kuhusu yaliyomo, Behe alieleza kwamba kitabu cha Bob Jones kinagusa mambo ya kawaida ya baiolojia. Jaji wa shauri la Murrieta alilitazama dai hilo akaona pengo lake: shahidi mwenyewe hakuwa amezingatia kina na undani wa jinsi mambo hayo yalivyoelezwa. Kennedy, kwa upande wake, alisema jambo ambalo lingepaswa kuwa ndani ya barua ya kwanza ya chuo. Kwa maelezo yake, tatizo halikuwa kwamba vitabu hivyo viliweka mtazamo wa uumbaji kama mbadala wa ule wa kisayansi. Tatizo lilikuwa kwamba asili ya sayansi, nadharia ya mageuko na stadi za kufikiri kwa uhakiki havikufundishwa vya kutosha. Tofauti kati ya kauli hiyo na neno mitazamo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Shauri lilikuwa mbele ya Jaji S. James Otero, naye alilimaliza kwa hatua mbili bila kufikia kusikiliza mashahidi kizimbani, akiona kwamba mambo ya msingi yalikuwa hayana ubishi. Hatua ya kwanza, tarehe 28 Machi 2008, ilihusu kanuni za chuo jinsi zilivyoandikwa. Aliamua kwamba hazivunji katiba. Chuo kinachopokea maombi mengi kuliko nafasi zake ni lazima kichague, na hakuna namna ya kuchagua kozi bila kuyapima yaliyomo. Fikra hiyo ina mizizi ya zamani: mwaka 1957 Jaji Felix Frankfurter wa Mahakama ya Juu aliandika kwamba miongoni mwa uhuru wa msingi wa chuo kikuu ni kujiamulia nani afundishe, nini kifundishwe, kifundishwe vipi, na nani aingizwe kusoma. Swali lililobaki lilikuwa kama kozi zilizogombewa zilikataliwa kwa sababu ya kuridhisha au kwa chuki dhidi ya dini. Hatua ya pili, tarehe 8 Agosti 2008, ililijibu hilo kozi kwa kozi. Ushahidi wa chuki haukuonekana, na sababu za kitaaluma, zikiwamo zile za Kennedy na Ayala, zilitosha.

Mambo mawili yaliisaidia sana hukumu hiyo kusimama. La kwanza ni kwamba chuo kilikuwa kimezikubali kozi nyingine za shule za dini, na hakikupiga marufuku vitabu vya Kikristo kuwamo darasani. Shule ingeweza kutumia kitabu cha kawaida kama kiada na kile cha Kikristo kama ziada. Shule za Kikatoliki za California zimekuwa zikifundisha baiolojia inayotambuliwa na chuo bila kuondoa msalaba ukutani. La pili ni kwamba mlango wa kozi haukuwa mlango pekee. Mwanafunzi ambaye kozi yake ya baiolojia haikuhesabiwa aliweza kufanya mtihani wa somo hilo wa SAT, mitihani sanifu ya Marekani ya kuombea nafasi chuoni, na alama zake zikachukua nafasi ya kozi, au akaingia kwa alama za mitihani peke yake, au akadahiliwa kwa utaratibu wa pekee wa wasiotimiza vigezo. Kwa macho ya sheria, mtu mwenye njia tatu za kuzunguka hawezi kusema kwa urahisi kwamba amefungiwa barabara kwa ajili ya dini yake.

Hata hivyo walalamikaji walikuwa na hoja moja ambayo, kwa maoni yangu, haikupata jibu lililostahili. Walisema kwamba wanafunzi wa shule za Kikristo hufanya vizuri katika mitihani na chuoni, kwa hiyo madai kwamba hawakuandaliwa vizuri hayana ushahidi wa matokeo. Mahakama haikulazimika kuingia humo, kwa sababu ilichopaswa kuamua ni kama chuo kilikuwa na sababu ya kuridhisha, si kama kilikuwa na sababu bora kuliko zote. Mwalimu wa sayansi, tofauti na jaji, hawezi kuridhika hapo. Taasisi inayodai kwamba kozi fulani humwacha mwanafunzi nyuma ingejenga heshima kubwa zaidi kama ingefuatilia wanafunzi hao, ikaonyesha ni wapi wanakwama: je, ni kwenye jenetiki ya idadi za viumbe, ni kwenye kuandika ripoti ya maabara, au hawakwami kabisa? Inashangaza kidogo kwamba katika ugomvi wa miaka mitano kuhusu umuhimu wa ushahidi, upande uliosimama kwa niaba ya sayansi ulishinda kwa hoja iliyotegemea zaidi maoni ya wataalamu kuhusu vitabu kuliko vipimo vya waliovisoma.

Kwa nini shule haikuchukua tu njia ya vitabu viwili, ikaepuka gharama za mawakili? Jibu haliko katika ukaidi pekee. Shule za aina hii zimejengwa juu ya imani kwamba ukweli wote ni wa Mungu na kwamba hakuna somo lisilo na upande, hisabati ikiwamo. Kwao, kuweka kitabu cha kawaida katikati ya meza na kile cha Kikristo pembeni ni kukiri kwamba sayansi yaweza kusimama bila kushikwa mkono na Maandiko, na hilo ndilo hasa jambo ambalo wazazi hulipa ada ili watoto wao wasifundishwe. Nalielewa hilo, na sioni ubaya katika kulitaka. Ninachokiona kuwa hakiwezekani ni kutaka pia muhuri wa taasisi ambayo kazi yake imejengwa juu ya dhana tofauti, na kutaka muhuri huo utolewe bila kuangalia ndani. Uhuru wa Murrieta kujifundishia na uhuru wa Berkeley kujichagulia ni wa namna moja. Ukiukata mmoja, umeukata na mwingine.

Rufaa ilisikilizwa na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, mahakama ya shirikisho inayopokea rufaa kutoka California, na tarehe 12 Januari 2010 majaji waliithibitisha hukumu ya Otero kwa uamuzi mfupi ambao haukuchapishwa rasmi, maana yake haufungi mikono ya mahakama katika kesi zijazo. Waliona kwamba walalamikaji hawakuonyesha namna kanuni za chuo zinavyonyamazisha kauli ya mtu yeyote. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikataa kulipokea shauri, bila kusema lolote kuhusu nani alikuwa sahihi, kama ilivyo desturi yake.

Tangu hapo milango ile ya pembeni imebadilika kuliko kanuni yenyewe. Mei 2020 bodi ya wakuu wa Chuo Kikuu cha California ilipiga kura ya kuachana na SAT katika udahili, na Januari 2021 mitihani ya SAT ya somo mojamoja, ukiwamo wa baiolojia, ilifutwa kabisa nchini Marekani. Mwanafunzi wa shule kama ile ya Murrieta ambaye kozi yake ya baiolojia haitambuliwi, na ambaye hataki kuchukua somo hilo katika chuo cha jamii, bado anaweza kuziba pengo lake kwa mtihani wa Advanced Placement, yaani mtihani wa kiwango cha chuo unaofanywa na wanafunzi wa sekondari, akipata alama 3 au zaidi kati ya 5. Mtihani huo wa baiolojia umepangwa kuzunguka mawazo makuu manne, na la kwanza kati yake ni mageuko.